Umejuaje? Mwongozo kamili wa kutengeneza makala ya historia ya mji wako

Makala yangu ya kwanza ya video ya historia niliionyesha Ujiji, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, watu wamekaa mikekani na wengine wamesimama nyuma na baiskeli zao. Ilihusu Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Ilipokwisha walipiga makofi, kisha bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa upole: “Mwanangu, umesema meli hii ililetwa vipande vipande, wapagazi wakavibeba vichwani hadi Kigoma. Hilo umelijuaje?” Nilikuwa nimelisoma mtandaoni. Sikuwa na jibu zaidi ya hilo, na niliona haya mbele ya watu walioacha shughuli zao kuja kunisikiliza.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali la bibi yule. Ni wa mwalimu, kijana mwenye simu nzuri, au mstaafu mwenye sanduku la picha za zamani, anayetaka kutengeneza makala ya video ya dakika kumi na tano hadi ishirini, pamoja na kijitabu chake, kwa ajili ya watu wa kawaida wenye hamu ya kujua. Mifano ni ya Kigoma na Tabora kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, ila hatua ni zile zile hata ukiwa Kilwa au Bukoba. Jipe miezi mitatu. Mwezi wa kwanza wote kamera ikae kabatini.

Hatua ya kwanza: tafuta swali, tena dogo

“Historia ya Kigoma” ni pana kama ziwa lenyewe. Ukiingia humo bila kasia hutoki. Tafuta swali ambalo mtu akilisikia anataka jibu papo hapo. Kwa nini Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, na ilirudije juu ya maji? Kwa nini TANU ilikwenda Tabora mwezi Januari 1958 kuamua kama itashiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu? Nani walioubeba mwili wa Livingstone, yule msafiri Mskoti, kutoka kijiji cha Chitambo katika Zambia ya leo hadi Bagamoyo, na njiani walipitaje hapa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora?

Lipime swali lako kwa mtu asiyejishughulisha na historia. Mimi humwuliza dereva wa bodaboda tukiwa njiani kutoka Mwanga kwenda Ujiji. Akisema “ehe, halafu?” nimepata. Akinyamaza, narudi kwenye daftari.

Swali liwe na kitu cha kushika au cha kusimama mbele yake: meli, stesheni, boma, mwembe, au lile tembe la Kwihara karibu na Tabora alimokaa Livingstone. Video hula picha. Ukichagua jambo lisilo na kitu cha kuonyesha utajikuta unajaza dakika kumi na tano kwa machweo ya ziwa, nayo machweo hayaelezi kitu.

Hatua ya pili: soma kwanza, na ufungue daftari la ushahidi

Hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Nunua daftari la kawaida la kaunta. Kila ukurasa ugawe safu tatu. Ya kwanza andika dai. Ya pili, nani anasema, na alikuwa wapi jambo lilipotokea. Ya tatu, nani mwingine anathibitisha au anapinga. Dai ambalo safu ya tatu iko tupu bado unaweza kulitumia, lakini katika makala utalitamka kwa namna nyingine kabisa na lile lililojaa.

Chukua mfano wa Liemba. Meli iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ikapewa jina la Goetzen, aliyekuwa gavana wa koloni hili. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikasafirishwa kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, wakiongozwa na Anton Rüter, walikuja kuiunga upya. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Haya yana mashahidi wengi na tarehe zake zinaoana.

Sasa lile dai la wapagazi nililoulizwa na bibi. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma Februari 1914. Meli ilishushwa majini mwaka mmoja baada ya reli kufika. Ukiziweka tarehe hizi pamoja, hadithi ya msafara wa vichwa kupita milimani na makasha 5,000 inakosa miguu. Jasho lilikuwepo, tena jingi: kupakua, kubeba hadi ufukweni, kuinua mabamba, kugonga ribiti, zile pini za chuma za kuyaunga. Kazi hiyo walifanya vibarua Waafrika pamoja na mafundi wa Kihindi. Lakini angalia jambo linaloniuma kila nikilifungua daftari: majina ya wale mafundi watatu wa Kijerumani yamo katika kila maelezo ya meli hii, na ya vibarua hayamo. Usilipite hilo kimya. Liseme katika makala, maana ni sehemu ya historia yenyewe.

Mfano wa pili uko Ujiji, na naupenda kwa sababu unafundisha kuwa hata walioshuhudia hupishana. Kibao kwenye mnara wa kumbukumbu kinasema Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili walisimama chini ya mwembe mmoja na tarehe zao zinatofautiana kwa karibu wiki mbili. Sababu ni ya kibinadamu: safari ndefu na homa zilimfanya mtu apoteze hesabu ya siku. Na yale maneno maarufu ya salamu ya Stanley, “Daktari Livingstone, nadhani?” Livingstone hakuyaandika, na katika shajara ya Stanley kurasa za mkutano huo zimechanwa. Ukitengeneza makala ya Ujiji, usichague tarehe moja na kuificha nyingine. Mweleze mtazamaji tofauti hiyo. Nimeona watoto wa darasa la sita wakibishana kwa furaha juu yake kwa nusu saa.

Uwe na macho pia na kile unachokisoma. Kitabu kilichotokana na shajara si shajara. Shajara za mwisho za Livingstone zilichapishwa mwaka 1874 baada ya kuhaririwa na rafiki yake Horace Waller. Mwaka 1871, akiwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya mimea. Wino ulififia hadi ukawa hausomeki. Ilipofika 2011 wataalamu walichapisha kurasa hizo baada ya kuzipiga picha kwa mwanga wa aina mbalimbali, na maelezo yake ya mauaji ya sokoni Nyangwe yakaonekana kutofautiana na yale yaliyochapishwa. Kwa hiyo kila ukishika kitabu jiulize: maneno haya yamepita mikononi mwa nani kabla ya kunifikia?

Na usianze na Wazungu peke yao. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho kimechapwa. Baba yake alikuwa na maskani karibu na Tabora na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, kwa hiyo humo utaikuta Unyanyembe kutoka ndani. Selemani bin Mwenye Chande naye aliandika safari yake ya bara kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten uitwao “Safari za Wasuaheli”. Hivi ni hazina. Hata hivyo navyo viulize swali la bibi. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, akisimulia uzeeni. Maumivu ya waliofungwa minyororo utayatafuta kwingine.

Vitabu utavipata wapi? Anza na maktaba ya mkoa, Kigoma au Tabora, na umweleze mkutubi swali lako, siyo jina la kitabu. Makumbusho ya Ujiji na ya Kwihara yana wahifadhi wanaojua mengi kuliko yaliyo kwenye vibao. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza. Ukienda huko nenda na orodha ya maswali, kwa sababu siku mbili huisha haraka. Vitabu vingi vya karne ya 19 vimekwisha muda wa hakimiliki na viko mtandaoni bure. Vya wasafiri wa Kizungu kama Burton visome kwa tahadhari: macho yao ni makali kwa bei, umbali na mazao, lakini hukumu zao juu ya watu wetu zimejaa dharau.

Makala na filamu za wengine zitazame pia, mara mbili. Mara ya kwanza furahi. Mara ya pili zima sauti, uhesabu picha, uandike kila inapotumika picha ya mahali pasipohusika. Utashangaa ni mara ngapi. Na tenganisha filamu ya kubuni na makala. Iko filamu ya Uingereza na Marekani ya mwaka 1951, iliyotokana na riwaya ya 1935, ambamo meli ya Wajerumani katika ziwa la Afrika inalipuliwa kwa mashua yenye torpido. Wageni wengi hufika Kigoma wakiamini hiyo ndiyo habari ya Goetzen. Habari yenyewe ni nyingine: mashua mbili za Kiingereza zilizoletwa kwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, tarehe 26 Desemba 1915, na Februari 1916 zikaizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann. Goetzen hazikuwahi kupambana nayo. Wenyewe Wajerumani waliizamisha tarehe 26 Julai 1916, siku mbili kabla Wabelgiji hawajauteka mji.

Hatua ya tatu: barua kabla ya kamera

Hapa sitakaa. Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo inayoshughulikia vibali vya kupiga filamu. Ulizia fomu na ada mapema. Bandarini, stesheni na melini usitoe kamera bila barua ya wahusika mkononi. Makumbusho nayo omba kwa barua. Mwone mwenyekiti wa mtaa utakakofanyia mahojiano, umwachie nakala. Droni ina kibali chake tofauti, na kwa makala ya kwanza huihitaji.

Hatua ya nne: kuketi na wazee

Hakuna aliye hai anayekumbuka 1915. Hilo lisikukatishe tamaa, ila likufundishe kutenganisha mambo matatu katika maneno ya mzee: alichokiona mwenyewe, alichosimuliwa na babu yake, na alichokisoma. La tatu ndilo mtego. Nimewahi kumsikiliza babu mmoja kwa saa nzima akieleza vita vya ziwani kwa ufasaha mkubwa, mwishoni akaniletea kitabu cha shule alichosomea. Nilikuwa nimerekodi kitabu. Tangu hapo baada ya kila habari nzito huuliza: “Babu, hilo ulilipata kwa nani?”

Nenda mara ya kwanza bila kifaa chochote, na mwenyeji anayejulikana pale nyumbani. Beba sukari au sabuni kama unavyomtembelea mzazi yeyote. Eleza unachotaka, nani ataona, na kwamba ana haki ya kukataa. Usirekodi siku hiyo hata akisema uko huru. Atakapolala usiku, kumbukumbu zitaanza kumjia, na ziara ya pili itakuwa na neema maradufu.

Maswali mapana huleta hotuba. Maswali madogo huleta maisha. Linganisha:

“Shikamoo babu. Tueleze historia ya Liemba.”

“Marahaba. Liemba ni meli kongwe, ililetwa na Wajerumani...”

Hapo umepata kile unachokijua tayari. Sasa hivi:

“Shikamoo babu. Siku ya kwanza unapanda Liemba, ulikuwa unakwenda wapi, na mlibeba nini cha kula?”

Atacheka, atafumba macho, na utasikia habari za migebuka iliyokaushwa, za kulala juu ya magunia, za mashua zinazoikimbilia meli usiku mahali pasipo na gati, abiria wakishushwa kwa kupokezana mikono. Wengine wanakumbuka moshi wa injini ya mvuke kabla ya kuwekwa ya dizeli miaka ya 1970. Wengine wanakumbuka mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi wamejaa ufukwe wa Kagunga na Liemba inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma. Hiyo pia ni historia, na mashahidi wake wako hai, wawahi.

Tarehe zitafute kwa matukio. Ukiuliza “mwaka gani?” unamtia mzee wasiwasi. Uliza: kabla ya uhuru au baada? Kabla ya Operesheni Vijiji? Ulikuwa umeshaoa? Wakati wa vita vya Kagera mtoto wako wa kwanza alikuwa mkubwa kiasi gani? Kwa kulinganisha hivyo utapata mwaka kwa kukaribia.

Mzee akipenda kusema Kiha, Kibembe au Kinyamwezi, mwache. Maneno humtoka kwa uzito wake, nawe utaweka tafsiri chini ya picha. Akinyamaza, nawe nyamaza. Hesabu kumi moyoni. Mara nyingi kilicho bora hutoka baada ya kimya.

Sasa jambo ambalo ningeomba ulishike kuliko yote ya hatua hii. Ujiji na Tabora zilikuwa vituo vikuu vya njia ya misafara, na katika misafara hiyo walikuwemo watumwa. Zipo familia zinazojua asili yao na haziisemi. Usimwulize mtu mbele ya kamera kama ukoo wake ulitokana na watumwa, wala kama babu zake walimiliki watu. Akiamua kulisema mwenyewe, zima kamera kwanza, mwulize kama anataka lisikike na majirani, na wanawe wakubwa wawepo. Hakuna makala yenye thamani ya kumvunjia mtu heshima mtaani kwake.

Ridhaa irekodi kwa sauti mwanzoni: jina, tarehe, “nakubali”. Ukimaliza kuhariri, mrudie umwonyeshe sehemu yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya tano: muswada

Chora safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Kila sentensi ya msimulizi ipe namba ya ukurasa wa daftari la ushahidi. Sentensi isiyo na namba ifute, hata kama ni tamu. Hasa ikiwa ni tamu.

Soma kwa sauti na saa mkononi. Mimi kwa utulivu husoma maneno kama mia moja kwa dakika, na sizidishi nusu ya muda wa makala kwa msimulizi. Makala ya dakika kumi na tano basi ina msimulizi wa maneno mia saba hivi tu. Ni machache mno, na ndiyo maana kila moja lifanye kazi.

Usianze na “Kigoma ni mkoa ulioko magharibi mwa Tanzania.” Mtazamaji wako anaishi humo. Anza ndani ya jambo:

“Julai 1916. Wabelgiji wanaukaribia mji. Wajerumani wana meli kubwa kuliko zote ziwani, na hawana pa kuikimbizia. Kabla ya kuizamisha, mafundi wanaipaka mitambo yake grisi nzito. Mtu hupaka grisi kitu anachotumaini kukitumia tena.”

Ona sentensi ya mwisho. Grisi ni ushahidi, na kutoka kwenye ushahidi huo mtazamaji anaingia moyoni mwa watu waliofanya jambo lile. Tafuta vitu vya namna hiyo katika daftari lako. Vitatu vinatosha makala nzima.

Tarehe zipunguze, na zile unazobakiza zipe mwili. Kutoka Julai 1916 hadi Waingereza walipoiibua Machi 1924 ni karibu miaka minane. Sema: mtoto aliyezaliwa Kigoma siku meli ilipozama alikuwa anachunga mbuzi ilipotoka majini. Kati yake Wabelgiji nao walikuwa wamejaribu kuiibua ikazama tena. Mwezi Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini na kuliandika.

Kisha lugha ya uhakika. Jizoeze namna tatu na usizichanganye. Lililothibitishwa, litamke wazi: “Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.” Lenye shahidi mmoja, mtaje shahidi: “Stanley anaandika kwamba...” Linalosimuliwa tu mitaani, lipe wenyewe: “Wazee wa Bangwe husimulia...” Watu hawachoshwi na maneno haya. Wanahisi wanaheshimiwa.

Hatua ya sita: kupiga picha na sauti

Simu inatosha. Ilaze, ishike kwa stendi, futa lenzi kwa kitambaa laini, iweke hali ya ndegeni ili isiite katikati ya mahojiano, na ufunge mwanga na fokasi visichezecheze. Kila picha ishike kwa sekunde kumi bila kuisogeza. Piga ya mbali, ya kati, na ya karibu: gati zima, mtu anayefunga kamba, mkono na kamba.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, lakini sauti ikikwaruza anaondoka. Nunua maiki ya kubana shatini kabla ya kufikiria kamera mpya. Upepo wa ziwani ni adui: nilipoteza mahojiano mazima yaliyofanyika ufukweni Kibirizi, yakabaki mngurumo mtupu, na yule mzee hakupata afya ya kuyarudia. Fanya mahojiano ndani, kwenye chumba chenye mapazia na kitanda, friji na feni vimezimwa. Mvua ikianza kwenye bati, simama mpaka ipite. Adhana ikiadhiniwa, nyamazeni mpaka iishe, kisha mwombe arudie sentensi ya mwisho. Kabla ya kuondoka rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba kile. Utauhitaji kuziba mapengo.

Nje, piga asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, au jioni jua linaposhuka kuelekea milima ya Kongo. Tabora asubuhi chini ya miembe ni mwanga mzuri ajabu. Jioni ya kila siku ya kurekodi, nakili picha na sauti zote sehemu mbili tofauti, na moja isikae nyumba moja na nyingine.

Hatua ya saba: picha za zamani

Picha ya familia ipige hapo hapo, kivulini, bila fleshi, na uirudishe saa hiyo hiyo. Usiondoke nayo hata ukiruhusiwa. Piga na mgongo wake pia, mara nyingi ndiko kwenye jina na tarehe. Nyaraka za Ujerumani zina picha nyingi za Afrika Mashariki ya Kijerumani mtandaoni. Soma masharti ya kila moja, taja chanzo, na usiamini maelezo ya chini ya picha mpaka umelinganisha jengo, mlima au dohani ya meli kwa macho yako. Kama huna picha ya jambo, onyesha mahali palivyo leo na useme hivyo.

Picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba usiiweke kamwe kana kwamba ni ya kale. Baada ya miaka miwili itakuwa imenakiliwa kila mahali, na mwanafunzi wa Kasulu ataiandika kwenye mtihani wake kuwa ndiyo Kigoma ya 1915.

Hatua ya nane: kuhariri

Programu ya simuni inafaa. Panga sauti kwanza mpaka habari isikike vizuri ukiwa umefumba macho, ndipo ufunike kwa picha. Muziki uwe wa mtu wa hapa aliyekuruhusu kwa maandishi. Majina ya watu na mahali yaonekane kwenye kioo kwa herufi kubwa; wengi watatazama kwenye simu ndogo.

Hatua ya tisa: kijitabu

Video hupita, karatasi hubaki mezani. Andika kijitabu cha kurasa 24 au 32. Ziwe zinagawanyika kwa nne, kwa kuwa karatasi ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, na mchapaji atakushukuru. Humo weka kilichokosa nafasi kwenye video: ramani ya njia, mfululizo wa tarehe, maneno ya wazee kwa urefu wake. Jambo ambalo vijitabu vingi hukosa, nami nakusihi uliweke, ni sura moja fupi ya “Tumejuaje”, ikieleza kwa lugha nyepesi kila jambo kubwa lilivyothibitishwa na wapi mashahidi wanapishana. Mpe kijitabu mwalimu mmoja na mama mmoja wa sokoni wakisome kabla ya kuchapa. Mahali wote wawili wanaposita, andika upya.

Hatua ya kumi: onyesha, kisha sikiliza

Onyesho la kwanza liwe mtaani kwa wahusika, kabla ya intaneti. Shuka nyeupe au ukuta, projekta ya kuazima, spika mbili, na jenereta yenye mafuta hata kama umeme upo. Wazee wa makala wakae mbele. Mlangoni weka daftari jingine na kalamu, uandike juu yake “Masahihisho”, na umweke kijana wa kumwandikia asiyejua kuandika. Kila sahihisho lipe ukurasa katika daftari la ushahidi na ulichunguze kama ulivyochunguza vitabu. Ndipo uhariri tena, na ndipo utoe kwa watu wote. Nakala ziende maktaba ya mkoa, makumbusho, shule ya jirani, na kwa kila aliyehojiwa, kwenye memori kadi ili asilazimike kununua bando.

Makala yangu ya Liemba niliikata upya na kuirudisha Ujiji baada ya miezi mitano. Hadithi ya wapagazi nilikuwa nimeitoa. Mahali pake niliweka reli, tarehe zake, na maneno kwamba vibarua walioiunga meli hawatajwi majina. Bibi alikuwepo. Safari hii hakuuliza kitu mbele za watu. Alisubiri mikeka imekunjwa, akaja kwenye daftari la mlangoni, akamwambia kijana aandike jina la babu yake, aliyekuwa akigonga vyuma ufukweni wakati wa Wajerumani. Nilimwuliza: “Bibi, hilo ulilipata kwa nani?” Akatabasamu, akamtaja mama yake. Jina limo kwenye safu ya kwanza, na mama yake yumo kwenye ya pili. Wiki ijayo naenda kutafuta wa safu ya tatu.